Saini ya Fabre d'Églantine

Katika kabati langu la vitabu kimo kijitabu chembamba cha mchezo wa kuigiza ambacho nimekisoma mara nne tangu nilipostaafu. Kifaransa nilijifunza ukubwani, kwa kamusi na subira, hivyo kila nikikisoma huenda mwendo wa kobe; na kila nikifika mwisho hukifunga nikiwa nimemkasirikia mtungaji wake, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Mchezo huo unaitwa Le Philinte de Molière, yaani Philinte wa Molière. Ulichezwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi Februari 1790, miezi saba baada ya watu kuiteka ngome ya Bastille. Aliyeutunga ni Fabre d'Églantine, ambaye miaka minne baadaye alikatwa kichwa kwa tuhuma ya hati ya kughushi. Nataka kuupima mchezo huu. Kwa kuwa sijui namna ya kuupima bila kumtazama mtungaji, nitampima na yeye. Mwisho, kwa haki, itanibidi na mimi nipande mizanini.

Wasomaji wengi wa rika langu walimjua Molière kwa Mchuuzi Mwungwana, tafsiri ya Kiswahili iliyotuchekesha tulipokuwa vijana. Lakini mchezo wake ambao Wafaransa wenyewe huuweka juu sana ni Le Misanthrope, wa mwaka 1666. Humo mna marafiki wawili. Alceste hawezi kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Akisomewa shairi baya husema ni baya, na huwakasirikia binadamu wote kwa unafiki wao. Philinte ni mpole. Humsifu kila anayekutana naye, na huona kwamba watu ndivyo walivyo, hakuna haja ya kujisumbua. Molière anatufanya tumpende Alceste, lakini vilevile anatufanya tumcheke. Mwaka 1758 Jean-Jacques Rousseau alililalamikia jambo hilo. Kwa nini mwaminifu awe ndiye wa kuchekwa? Kwa maoni yake aliyestahili lawama ni Philinte, mmoja wa walioshiba ambao huuona ulimwengu uko sawa kwa sababu hakuna kinachowauma wao.

Fabre aliichukua hoja hiyo akaifanya kisa. Katika mchezo wake, Alceste anarudi Paris akiwa anatafutwa na serikali, naye anahitaji wakili. Wakili anayempata kwa kubahatisha ni maskini na mwaminifu, na anamwambia kwamba amegundua udanganyifu mkubwa: laghai mmoja ana hati ya deni ambayo saini yake ilipatikana kwa hila, na anataka kumfilisi mtu ambaye hana habari. Alceste anaiacha kesi yake mwenyewe. Anamkimbilia rafiki yake Philinte, ambaye sasa ana cheo na ana jamaa aliye waziri, akamwomba aseme neno moja tu ili mtu huyo asiyejulikana aokolewe. Philinte anakataa. Anasema ulimwengu hauharibiki kwa hasara ya mtu mmoja, na kwamba mali iliyotoka mfuko huu itaingia mfuko ule, basi taifa halijapoteza kitu. Anasema haya kwa utulivu na tabasamu. Kisha, katikati ya mchezo, jina la anayetaka kufilisiwa linatajwa, nalo ni lake yeye Philinte, kwa lile jina la cheo alilolipata baadaye.

Waswahili husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Philinte hakutia maji. Alikaa akihubiri faida za kunyolewa, kumbe wembe ulikuwa juu ya kichwa chake. Anabadilika papo hapo. Yule aliyesema hasara ya mtu mmoja si kitu sasa anapiga kelele kwamba serikali, mahakama na dunia nzima zimsaidie. Alceste anamwokoa, huku akihatarisha uhuru wake mwenyewe, kisha anavunja urafiki wao.

Kwa upande wa ufundi, kisa hiki ni cha kusifiwa. Sijasoma mingi iliyofungwa vizuri namna hii. Somo halikubandikwa mwishoni kama lebo. Limo ndani ya tukio lenyewe, kwa kuwa maneno aliyoyasema Philinte kumhusu mwingine ndiyo yanayomrudia. Nilipokuwa nikifundisha walimu wa lugha niliwaambia kwamba tamthilia nzuri haimwambii mtazamaji afikirie nini, bali humweka mahali ambapo hawezi kufikiri vinginevyo. Ningekuwa nimeusoma mchezo huu wakati ule, ningeutoa mfano. Yule wakili pia ni kiumbe hai: hana hotuba za kishujaa, ana kazi nyingi na pesa kidogo, na anatenda haki kwa sababu ndiyo kazi yake.

Lakini mchezo una makosa, na makosa hayo yananionyesha jambo kuhusu aliyeutunga. Mashairi yake ni mazito, hotuba ni ndefu. Kosa kubwa ni Alceste mwenyewe. Fabre amemwondolea kila kinachochekesha. Alceste wa Molière hukasirika kwa mambo makubwa na madogo sawasawa, humpenda mwanamke asiyemfaa, na hujiona mwadilifu kiasi cha kutaka kushindwa kesi ili apate haki ya kuwalaani watu. Tunamcheka, na kicheko chetu kinamrudisha kuwa binadamu kama sisi. Alceste wa Fabre hakosei hata mara moja. Kila akifungua kinywa, haki ndiyo inayosema. Mtu ambaye hairuhusiwi kumcheka anatisha kidogo, hata akiwa upande wa kweli. Katika utangulizi wa kitabu, Fabre alimshambulia mtunzi mwenzake, Collin d'Harleville, aliyekuwa ameandika mchezo wa kuchekesha juu ya mtu anayeona kila kitu ni chema. Hakumkosoa kama mtunzi dhaifu. Alimshutumu kama adui wa watu. Ilikuwa mwaka 1790 tu, na tayari uhakiki wa kitabu ulikuwa umeanza kufanana na mashtaka.

Sasa tumtazame mtu mwenyewe. Alizaliwa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1750, kwa jina la Fabre tu. Kabla ya kuwa mwigizaji alifundisha kwa muda katika shule ya watawa huko Toulouse. Kwa hiyo, kwa namna fulani, alikuwa mwenzetu. Jina la d'Églantine alijipa mwenyewe. Mji wa Toulouse ulikuwa na mashindano ya kale ya ushairi ambayo tuzo zake zilikuwa maua ya madini, na mojawapo lilikuwa églantine, waridi la mwituni, la dhahabu. Fabre alijitangaza kuwa ndiye aliyelipata. Waliochunguza habari zake wanasema alichopata, mwaka 1771, ni yungiyungi la fedha. Ni jambo dogo, lakini mimi niliyepitisha miaka mingi nikikagua vyeti vya vijana wanaoomba kusomea ualimu siwezi kulipita kimya. Aliyepata fedha halali akasema dhahabu nimewahi kumwona mlangoni kwangu, na mara nyingi hakuwa mjinga. Alikuwa na kipaji, ila hakuamini kwamba kipaji hicho kingetosha.

Alizunguka miaka mingi na vikundi vya waigizaji katika miji ya mikoani. Ule wimbo wa mvua na mchungaji wa kike, Il pleut, bergère, ambao watoto wa Ufaransa bado huuimba, maneno yake ni ya Fabre, kutoka mchezo wa nyimbo wa mwaka 1780. Alipofika Paris michezo yake ya mwanzo ilianguka. Ndipo Mapinduzi yakaja, na yeye, aliyekuwa na umri wa miaka 39, akapata jukwaa kubwa kuliko yote. Aliingia katika klabu ya Cordeliers pamoja na Danton. Ufalme ulipopinduliwa tarehe 10 Agosti 1792, Danton alifanywa Waziri wa Sheria, naye Fabre akawa katibu mkuu wa wizara hiyo. Mwezi uliofuata watu wa Paris walimchagua kuwa mbunge wa Konvensheni, lile bunge lililotangaza jamhuri.

Kazi yake ya fasihi iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, aliifanya akiwa mbunge, nayo ni majina ya kalenda. Konvensheni ilikuwa imeamua kuhesabu miaka upya tangu jamhuri, na kugawa mwaka katika miezi 12 ya siku 30, na siku chache za nyongeza mwishoni. Tarehe 24 Oktoba 1793 Fabre aliwasilisha majina. Aliyatunga kwa sikio la mshairi. Miezi ya majira ya majani kupukutika ikaishia kwa sauti moja: Vendémiaire wa mavuno ya zabibu, Brumaire wa ukungu, Frimaire wa baridi kali. Ya kipupwe ikaishia kwa sauti nyingine nzito: Nivôse, Pluviôse, Ventôse, yaani theluji, mvua na upepo. Ya machipuko ilikuwa mepesi: Germinal, Floréal, Prairial. Ya kiangazi ikalia kama kengele: Messidor, Thermidor, Fructidor. Kila siku ya mwaka, mahali pa jina la mtakatifu, ilipewa mmea, mnyama au chombo cha mkulima. Mwalimu yeyote angependa kuwa na chati hiyo ukutani.

Lakini hata hapa kuna kasoro ileile ya mtu asiyetazama zaidi ya mtaa wake. Kalenda iliyotangazwa kuwa ya maumbile ilikuwa ya maumbile ya kaskazini mwa Ufaransa. Iliandikwa pia katika hati za makoloni ya Karibi, ambako theluji ya Nivôse haikuanguka kamwe. Na kwa kuwa wiki iligeuzwa kuwa ya siku kumi, mfanyakazi aliyekuwa akipumzika siku moja katika saba sasa alipumzika siku moja katika kumi. Napoleon aliifuta kalenda hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 1806, na sidhani kama vibarua waliililia.

Katika majira yaleyale ya mwaka 1793 Fabre alifanya mambo mengine mawili. La kwanza ni kushtaki watu. Alizifikia kamati za serikali kwa siri akaeleza njama kubwa ya wageni dhidi ya jamhuri, akataja majina. Mwezi Desemba alisimama bungeni akataka Vincent na Ronsin wakamatwe, na wakakamatwa. Ronsin alikuwa jenerali, lakini kabla ya hapo alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza kama yeye. Aliachiwa, akakamatwa tena, akapelekwa kwenye gilotini tarehe 24 Machi 1794, pamoja na Vincent na baadhi ya wale aliowataja Fabre kwa siri. Hapo ndipo ninapomwona Alceste asiyechekwa akitoka jukwaani na kuingia ofisini. Alceste wa mchezoni alipandisha sauti ili kumwokoa mtu asiyemjua. Alceste wa ofisini alihifadhi sauti ileile, lakini sasa aliitumia kutaja majina ya wa kukamatwa.

Jambo la pili ni hati. Kampuni ya Wafaransa ya biashara ya India ilikuwa inafungwa, na swali lilikuwa nani asimamie kuuzwa kwa mali yake na kulipwa kwa madeni. Tarehe 8 Oktoba Fabre alisimama bungeni akataka kazi hiyo ifanywe na serikali, si na kampuni yenyewe, na bunge likakubali. Lakini sheria ilipotangazwa, iliiachia kampuni nafasi ya kujifunga yenyewe kwa taratibu zake, jambo lililokuwa na faida kubwa kwa wenye hisa. Rasimu ilikuwa na saini ya Fabre. Mbunge mwenzake, Chabot, alizipelekea kamati livre 100,000 akisema alipewa ili amhonge Fabre, lakini hakumfikishia. Tarehe 8 Januari 1794 Robespierre alimdhihaki Fabre hadharani kuwa ni hodari wa kupanga hila za jukwaani. Siku chache baadaye alikamatwa.

Alishtakiwa pamoja na Danton na Camille Desmoulins, mwanzoni mwa Aprili. Alikuwa mgonjwa. Hoja yake ilikuwa fupi: rasimu niliyoitia saini ilibadilishwa baadaye, leteni hati ya asili, tuone mwandiko na masahihisho. Mahakama ilikataa. Tarehe 5 Aprili 1794 aliuawa pamoja na wenzake. Kwa kalenda aliyoipa majina, ilikuwa tarehe 16 Germinal, mwezi wa machipuko, siku ya letusi.

Je, alikuwa na hatia? Jules Michelet, mwanahistoria mkubwa wa karne ya 19, alimtetea. Albert Mathiez, karne iliyofuata, aliipekua kesi hiyo kwa miaka akamwona ni mwizi. Mimi si mwanahistoria, na nikifikiria lile ua la dhahabu siwezi kuapa kwamba mikono yake ilikuwa safi. Lakini yote hayo hayajibu swali la mahakama. Mtu aliomba hati iletwe, nayo haikuletwa. Tena aliyeomba ni yule aliyekuwa ametunga mchezo mzima juu ya saini iliyopatikana kwa hila, na juu ya watu wenye nafasi ya kusema neno moja ambao wananyamaza. Bungeni walikuwamo waliouona mchezo huo na kuushangilia.

Hapa ndipo na mimi ninapoingia. Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kila Ijumaa karani aliniletea jalada la karatasi za kutia saini. Baadhi yake nilizisoma. Siku moja ukaguzi uligundua kwamba hati ya kupokelea chakula ilionyesha magunia 60 ya mahindi, na bohari halikuwahi kupokea zaidi ya 41. Saini zilikuwa mbili, ya mtunza bohari na yangu. Mtunza bohari alikuwa kijana mkimya, mwenye mke na watoto wawili. Mbele ya kamati alisema kwamba aliposaini, tarakimu ilikuwa 41, na akaomba iletwe nakala ya kaboni iliyobaki kwa mleta chakula. Mwenyekiti alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, wewe unakumbuka nini?" Nikasema sikumbuki. Ilikuwa kweli, nisingeweza kukumbuka nisichokisoma. Lakini nilijua vilevile kwamba kama nakala ingeletwa, swali la pili lingekuwa kwa nini mkuu wa chuo alitia saini bila kusoma. Ningeweza kusema, "Ndugu mwenyekiti, tuilete ile nakala." Sikusema. Kijana akaachishwa kazi wiki ile ile. Mimi nilipewa onyo la mdomo na chai.

Hadi leo sijui kama aliiba. Nimewahi kujiambia kwamba pengine aliiba, na kwamba basi hakuna kilichopotea. Niliposoma maneno ya Philinte kuhusu mfuko huu na mfuko ule, niliyatambua. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na kijana yule kituo cha mabasi, akiwa si kijana tena. Aliniamkia, "Shikamoo, Mkuu," akanichukulia mzigo hadi mlangoni mwa basi. Hakulitaja jambo lile, wala mimi sikulitaja. Nilimshukuru kwa mzigo tu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Philinte wa Molière ni mchezo mwema uliotungwa na mtu ambaye maisha yake hayakuufikia, na hilo si kosa la mchezo. Ukweli wake haukupungua Fabre alipowashtaki wengine, wala haukuongezeka alipouawa. Wapo wanaosema tusisome kazi za watu wachafu. Tukifanya hivyo, tutamwachia nani kazi ya kutuonyesha uchafu? Fabre alimjua Philinte vizuri kwa sababu alikuwa naye nyumbani, kama nilivyokuwa naye mimi katika kiti cha kamati.

Ningependa kuona mchezo huu ukiwekwa katika Kiswahili na kuchezwa na wanachuo wa ualimu, ambao kesho watakuwa na mihuri na majalada ya Ijumaa. Ningewashauri mambo mawili. Wafupishe hotuba. Na yule atakayeigiza Alceste apewe ruhusa ya kujikwaa, kusahau kofia, kukasirikia kikombe cha chai, ili watazamaji wamcheke kidogo kama alivyotaka Molière. Yule wakili wamwache alivyo, mchovu na karatasi zake mkononi, anazisoma moja baada ya nyingine kabla ya kutia saini.